Kuondoka Kabla ya Halbadiri

Bi Mahfudha hufagia zahanati ya kijijini kwao, kisiwani Pate. Mwanamke akizidiwa na uchungu wa uzazi, yeye ndiye humshika mkono hadi kwenye boti ya wagonjwa iendayo hospitali ya Amu, mjini Lamu. Mwezi uliopita mashine ya boti hiyo iliibwa.

Haidar, mwakilishi wa wadi, alikuwa mwalimu wa madrasa kabla ya kuchaguliwa, na watu bado humwita Maalim. Hakuita polisi, wala hakuomba kaunti mashine nyingine.

"Ijumaa tutasoma Halbadiri," alitangaza msikitini. "Mwizi atavimba tumbo, aje kuirudisha mwenyewe."

Waliohudhuria waliitikia amin. Dua ile huogopwa na kila mtu, asiye na hatia pia, maana husemwa kwamba ikikosa ndia ya kumfikia mwizi humpata aliye karibu.

Mahfudha naye aliiogopa. Lakini binti yake, Asmaa, alikuwa mwezi wa tisa, na mtoto wake wa kwanza alitolewa tumboni kwa kisu. Boti za abiria huondoka asubuhi tu, maji yakijaa. Uchungu haungoji maji. Akaenda kwa Haidar.

"Maalim, dua isomwe, na mashine nayo itafutwe."

"Una imani wewe, Bi Mahfudha?"

"Ninayo."

"Basi subiri."

Kufika jioni maneno yalikuwa yameenea. Shifaa, mkaanga samaki, alimpigia kelele mbele ya wateja: "Shoga, hiyo Halbadiri yakuwashia nini? Au mashine i uvunguni mwako?"

Wakacheka. Mahfudha alicheka pia, akaharakisha kwenda nyumbani.

Alhamisi alfajiri Asmaa alisema kiuno chamuuma. Mahfudha alikaa kitandani akijua vema anachotaka kufanya: anayeondoka kijijini kabla ya Halbadiri amejitaja mwenyewe. Wajukuu zake wangeitwa wa mwizi. Akafunga kanga za uzazi katika furushi.

Gatini, Jaafar, nahodha wa boti ya abiria, alilitazama furushi.

"Bi, kisomo ni kesho."

"Najua."

"Watasema."

"Nishikie mkono huyu apande, mwanangu."

Ndani ya boti, mwanamke waliyeketi naye alivuta buibui lake, akahamia ubao wa nyuma. Hakuna aliyekuja kukaa pale. Mahfudha alisoma Yasini kimoyomoyo, akikosea aya alizozijua tangu utotoni.

"Mama," Asmaa alinong'ona, "tutarudi kwetu?"

"Zaa kwanza."