Waya Mweusi Juu ya Anga la Mshonaji

Waya wa nje haulali ndani. Sheria hiyo Fundi Taratibu aliishika miaka ishirini na sita, akaivunja mara moja tu, kwa mdogo wake wa tumbo moja.

Jina la Taratibu alipewa na wateja wake wa umeme. Walisema ukimwita aje kufunga swichi, mlaze kwanza kuku juu ya mayai. Vifaranga vitatoka naye bado anapima ukuta. Alicheka nao, akaendelea kupima.

Mdogo wake alikuwa mshonaji. Chumba chake kipya cha kazi kilikaribia kwisha, ila waya wa ndani ulipungua, na mafundi wa dari walikwisha kusimama mlangoni na ngazi zao. Pembeni palikuwa na masalio ya kazi ya taa za uani: waya mweusi, mnene.

"Kaka, huu si ndio wa mvua na jua?" mdogo wake aliuliza. "Umevumilia hayo yote, utashindwa na dari yangu?"

Jibu alilijua. Ganda la waya ule lilitengenezwa kwa ajili ya jua na udongo. Moto ni habari nyingine. Likishika, hupeleka moto ubao kwa ubao, na moshi wake hujaza chumba kabla mtu hajauona mlango. Lakini watu walikuwa wanasubiri, na kwa mara ya kwanza maishani aliona haya kuitwa Taratibu. Akaupigilia ule waya kwenye mbao. Dari ikafungwa.

Mshonaji aliipaka rangi mwenyewe, buluu ya asubuhi, akachora mawingu kwa sifongo. Wateja wakiingia, waliinua nyuso na kushusha sauti, kana kwamba wametoka nje, mahali pa mbali.

Fundi naye akaanza kukiona chumba kile akiwa kwingine. Mchana, bisibisi mkononi, mawingu yale yalimpitia polepole. Cherehani ilisikika kama manyunyu, na juu ya mawingu waya umejinyoosha, ukingoja mvua isiyokuja. Kisha anga lilianza kushuka, jeusi, laini, bila kishindo, na mdogo wake ameinamia kitambaa, pini mdomoni. Alipozinduka, alijikuta ameegemea ukuta wa nyumba ya mteja.

Wiki ya tatu alibeba ngazi, akaenda. Alimkuta mdogo wake anapiga pasi, akamweleza yote bila kupunguza neno.

Mshonaji aliitua pasi. Habari za dari hakuuliza.

"Ulijua siku ile ile?"

"Nilijua."

"Na juzi ukakaa hapa, ukasifu mawingu."

"Nilisifu."

"Haya. Panda."

Fundi alizima swichi kubwa, akalibomoa anga kipande kwa kipande. Vumbi jeupe likatua vichwani mwao wote wawili. Waya ulitoka mzima, haujaungua popote, na hilo halimpunguzii kosa hata chembe. Akaweka waya wa ndani, ukipita katika mabomba yake ya plastiki.

Dari ilifungwa tena, safari hii ikapakwa nyeupe.

Ilimgharimu hivi: mdogo wake, ambaye tangu utotoni hakuwahi kuitilia shaka kazi yake, sasa kila fundi akifungua boksi la vifaa humfuata na kumuuliza huu ni waya gani, na haondoki mpaka aoneshwe.