Sahani za Wasiokuwapo

Duniani hamna kitu cha kunishtua miye. Kiboko amewahi kunivuta kasia mkononi, nikalivuta nikalitwaa. Nimelala juu ya dungu la kulindia mpunga shambani, mafuriko ya Rufiji yakapita chini yangu yamebeba mlango wa jirani, na jirani mwenyewe kaukumbatia ananisalimu. Bunduki za Mdachi nimezisikia, na za Mwingereza aliyekuja kumtoa nimezisikia. Aisifuye mvua imemnyea. Sikurithi hata jembe. Nilianza na shoka la kuazima, nikiwakatia watu mikoko kwenye matope ya Mbuchi, na leo boriti zikipita mdomo wa mto, uliza za nani, utatajiwa jina langu. Chuo cha Kurani nilikaa miezi michache, fimbo ya mwalimu ikanitoa mbio, na bado wenye kusoma wananitangulia kwa salamu.

Basi mwanangu, nikikwambia iko siku moja nilishtuka, ulishike neno hilo. Siku hiyo ninaikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Mama watoto wangu asinisikie.

Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji, mpunga umekwisha kuvunwa, kusi linavuma. Juu ya kilima baina ya Ruaruke na njia ya Kibiti palikuwa na shule ya mapadre. Siye ni Waislamu, na mapadre hawakuwa watu wetu, ila shule ile ilikuwa kama yetu sote. Watoto walilima karanga na muhogo, walifyatua matofali wenyewe, na kila walipopewa zawadi za masomo vijiji vilihamia kule kutazama. Mtoto anasimama, anasoma karatasi ambayo hajapata kuiona, na wazee wanatikisa vichwa kama wanaoonja asali. Mwaka ule aliyeshinda zawadi ya hesabu alikuwa Mketo, mtoto wa Mzee Mpendu wa Ruaruke. Alipewa kisu chenye mpini wa pembe, na baba yake alikizungusha kijiji kizima, mpaka watu wakawa wanajificha wakimwona anakuja.

Wa kusoma alikuwa Zuhura, binti wa marehemu dada yangu. Ndui ilimchukua mama yake, mapadre wakamchukua yeye. Aliposoma siku ile nilisimama nikapiga kelele, "Huyo ni damu yangu!" Mdomo wangu ulikuwa mwepesi tangu hapo.

Sasa sikiliza. Nilitaka mtumbwi wangu mwenyewe. Wakala mmoja wa boriti kule Kiongoroni alikuwa nao, na miye sikuwa na cha kumpa. Tukakubaliana nimwekee Zuhura rehani. Nyie wa leo hamjui rehani ya mtu. Aliyewekwa rehani hufanya kazi nyumbani kwa mkopeshaji mpaka deni liishe, na deni lenyewe halina haraka ya kuisha. Mjomba alikuwa na haki hiyo, hakuna aliyenilaumu. Nikachukua mtumbwi, nikaahidi kumleta binti.

Mara vita vikapanda kutoka Umatumbi. Wapeleka dawa, waliokuwa wakiitwa hongo, walipita na vibuyu vya maji. Unakunywa, unanyunyiziwa, risasi ya Mdachi inageuka maji. Watu wakavaa kaniki na kujifunga mabua ya mtama kichwani. Nikasikia mapadre wameikimbia shule, wamekwenda pwani. Nikasema, vizuri, hapana tena wa kunizuia. Nikafunga mtumbwi, nikapanda kwa miguu.

Mwanangu, njia ile ilikuwa na kitu. Jua la kuelekea adhuhuri, mchana mweupe, na hapana mbwa, hapana jogoo, hapana mwanamke anayetwanga. Nyumba ziko, milango iko wazi, mafiga yana majivu, kinu kina mpunga nusu umetwangwa na mchi umesimamishwa ndani yake. Nikapiga hodi kwa mzaha, "Wenyewe mpo?" Sauti yangu ikanirudia mbaya, nikanyamaza. Na katika ukimya ule, kule kilimani, kengele ya shule ikalia. Kwa taratibu, kama ilivyolia siku zote.

Nilijua mapadre hawapo. Sasa anayepiga kengele ni nani?

Nilifika uwanjani. Umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana, na hapana wayo uliokanyaga juu yake. Nikachungulia nyumba ya chakula. Watoto walikuwamo, wa kike na wa kiume, wamekaa kwenye viti virefu vya mbao kulizunguka bao la kulia chakula, migongo imenyooka, mikono mapajani. Wachache kuliko zamani. Mbele yao sahani za bati, ugali wa muhogo na kisamvu, mvuke unapanda. Lakini sahani zilijaa bao zima, mwanangu. Zilikuwa nyingi kuliko watoto. Hapa mtoto, hapa sahani isiyo na mtu, hapa sahani nyingine isiyo na mtu, halafu mtoto. Na zote zimepakuliwa sawasawa.

Nywele za shingo zilinisimama. Wewe unajua na miye najua: kwetu chakula kikiwekwa mahali pasipo mtu, kina mwenyewe. Mnakipeleka mzimuni, mnakiweka, mnaondoka kimya. Pamoja na swala zetu tano, jambo hilo hatujaliacha.

Zuhura alikuwa amesimama kichwani pa bao. Aliniona, akaja mlangoni, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani amekufa hapa?"

"Hajafa mtu, mjomba."

"Mbona mnalisha mizimu?"

Akatabasamu kidogo, kama mtu mzima anayemwonea huruma mtoto. "Ndiyo desturi ya hapa. Asiyekuwapo anawekewa chake. Akirudi asione kwamba tulimfuta."

"Na nyie mmebaki kufanya nini? Mapadre si wamewaambia mtawanyike?"

"Walituambia twende kwa wazazi wetu. Tulio hapa ndio tusio na pa kwenda."

Neno lile lilinipita, sikulijali wakati ule. Nilikuwa na njaa, na kijana mwenye njaa na majivuno hana masikio. Nikaingia, nikajibana katika nafasi iliyo wazi, nikanyoosha mkono kwenye sahani. Kitoto kimoja cha kike, hata meno ya mbele hakina, kikanipiga kofi la mkono, pa!

"Hiyo ya Mketo."

"Mketo kachukuliwa na baba yake vitani," nikasema, nacheka. "Leo hali chakula huyo. Muulize Mdachi kama atampa ruhusa."

Hakucheka mtu. Wala hawakukasirika. Walinitazama tu wote kwa pamoja, kisha wakaacha kunitazama kwa pamoja. Nikainuka nikasimama ukutani kama kuku mgeni, na kamba yangu mguuni naiona mwenyewe.

Zuhura akaanza kuita majina, bila karatasi, yote ya kichwani. Anaita, mtoto anajibu, "Yupo." Anafika kwa asiyekuwapo, na bao zima linajibu kwa sauti moja, "Yupo!" Anangoja kidogo, macho yao yakielekea kwenye ile sahani, halafu anaendelea. Kila walipojibu hivyo, nakwambia kweli, nilihisi nyumba inazidi kujaa.

Hapo ndipo wapiganaji walipofika. Sikuwasikia. Niliona mlango umeingia giza, nikageuka. Kaniki tupu, mikuki, magobori mawili matatu, mabua ya mtama vichwani. Walikuwa wamekwisha kuchoma nyumba ya Mdachi mmoja bondeni, moshi unawanuka. Mbele yao hongo na kibuyu chake, kijinga cha moto mkono wa pili. Shule ni ya wazungu, lililowaleta lilikuwa wazi. Nikaubana ukuta kwa mgongo.

Zuhura aliwaona. Sauti ilimtetemeka jina moja, la pili ikatulia. Hakuacha kuita. Hongo akakanyaga ndani, akaziona zile sahani, akasimama. Alitazama mwanzo wa bao mpaka mwisho wake. Nilimwona anajua alichokiona, au anadhani anajua, kama nilivyodhani miye. Mtu aliyekunywa dawa ana miiko yake, na chakula cha waliotangulia hakirukwi wala hakichomwi.

"Mketo," akaita Zuhura.

"Yupo!"

Nyuma ya wapiganaji kitu kikaanguka chini kwa kishindo. Ulikuwa mkuki. Watu wakapisha, akapita Mzee Mpendu. Mashavu yamembonyea, kaniki imemlegea. Yule aliyezungusha kisu kijiji kizima, miye sikumjua mpaka aliposema.

"Rudia jina hilo, binti."

"Mketo."

"Yupo!"

"Ipi yake?"

Kile kitoto kisicho na meno kikamwonyesha kwa kidole. Mzee akasimama nyuma ya ile nafasi, mikono yote miwili nyuma ya mgongo wake. Akaitazama ile sahani muda ambao siwezi kuukadiria. Kisha akamgeukia hongo.

"Nyumba hii ina wenyewe," akasema. "Tuondokeni."

Hongo hakubisha. Akakizima kijinga mavumbini. Akawaashiria watu wake, wakatoka kinyumenyume, mmoja mmoja, nyuso zikitazama bao, kama mtu atokavyo mzimuni. Uwanjani hawakusema neno. Ule mchakacho wa miguu yao ukafifia, mpaka nikasikia nzi.

Mzee Mpendu alibaki nyuma. Alinikuta mlangoni.

"Wewe wa nani hapa?"

"Mjomba wa anayeita majina."

"Umefuata nini?"

Nilitafuta uwongo, nikasema kweli. "Nimekuja kumchukua."

"Kumpeleka kwake?"

Nikageuka nikaitazama ile sahani ya Mketo.

Akanishika bega. Mkono wake ulikuwa wa baridi, na jua lile kali. "Miye nilikuja kumchukua wangu hapa hapa, akiwa bado ana tonge mkononi. Nikamwambia, mwanamume hangojwi na sahani. Nimemwacha upande wa Mohoro, kwenye nyasi, sikupata hata nafasi ya kumfukia. Nilimtoa penye watu wa kumwitikia, kijana, nikampeleka pasipo mtu hata mmoja anayelijua jina lake." Akaniachia. "Usiwaambie watoto. Waache waitike."

Akaokota mkuki wake, akashuka. Njia aliyoshika haikuwa ile ya wenziwe.

Nikarudi ndani. Watoto walikuwa wamekwisha kula na sasa wanakusanya vyombo. Zile sahani za wasiokuwapo zilikuwa vilevile, ugali umepoa umefanya ngozi, na Zuhura anazimimina kwenye chungu kwa ajili ya jioni. Akafika kwenye ya Mketo. Ilikuwa tupu. Imefutwa, safi, alama za vidole zimepita kwenye bati kama afanyavyo mla aliyeshiba.

Mwanangu, hata nikiwa mlangoni na mzee nilikuwa naiona sahani ile. Watoto wa kulia na kushoto hawakuigusa. Mzee alikuwa na mikono mgongoni. Nimelizungusha jambo hili kichwani tangu ujana mpaka sasa ninapoota mvi, na sijui.

Zuhura aliitazama, akaitia katika maji pamoja na nyingine.

"Leo amekula," akasema.

Hapo ndipo niliposhtuka. Hongo hakunishtua hivyo, wala moto wake. Yule binti alilisema neno lile kwa utulivu kama asemaye leo kuna jua, na miye, mtu mzima, nikajikuta nimekaa kwenye kiti cha watoto. Kile kitoto kikaja kikaniwekea sahani. "Hii yako," kikasema. Nilikula. Sikumwambia Zuhura kilichonileta. Nilipoaga, akanisindikiza hadi mwisho wa uwanja, akaniuliza jina langu kamili.

"La nini?"

"Nikuweke katika kuita, mjomba. Usije ukapotea huko."

Nikashuka peke yangu.

Mapadre walirudi vita vilipokwisha, wakakuta shule na watoto. Zuhura alisoma, akafundisha, na watoto wengi wa Mbuchi, Waislamu kama walivyo, walijua herufi kwa mkono wake. Na miye mwenyewe, nimekwisha kuwa na ndevu, alinikalisha akanifundisha. Haya unayoyasoma nimeyaandika kwa mkono wangu. Kama yana kombo, mlaumu mwanafunzi, mwalimu alikuwa mzuri.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na sikupi kwa mafumbo. Mtoto akiwa mahali wanapomjua jina na wanamngoja kwa chakula, usimtoe pale kwa tamaa yako, hata kama sheria na mila zinakupa haki. Haki nyingine ni mtego wa mwenye nayo. Mali ninaijua, nimeitafuta kuliko wewe utakavyoitafuta: boriti ikioza utakata nyingine, lakini mtu hachipui tena kama mkoko. Na aliyeondoka kwako, kwa vita, kwa kazi au kwa hasira, usimfute. Mwekee chake. Litaje jina lake nyumbani, na watoto wakusikie. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na hata asiporejea kwa miguu yake, hujui atarejea kwa njia gani. Tena usiringe kwamba hushtuki. Asiyeshtuka hajatazama.

Mola akujaalie nyumba ambayo ukichelewa, wapo wa kukungoja. Akujaalie jina lako lisikose mdomo wa kuliitikia. Na siku utakapokuwa na uwezo juu ya mtu mdogo kuliko wewe, akutie woga kidogo moyoni. Amina.

Mtumbwi niliurudisha Kiongoroni wiki ileile. Wakala hakuutaka, alitaka binti au fedha pamoja na faida yake, na dawa ya deni ni kulipa. Nikarudi matopeni na lile shoka la kuazima, nikakata mikoko misimu miwili mpaka nikaikomboa rehani yote: rupia ishirini na tatu na pesa kumi na mbili.