Saa Moja na Nusu Kutoka Brussels

Kisa hiki alinisimulia kwanza shangazi yangu, majira ya baridi yaliyopita, wiki niliyohamia kwake Scarborough, ng'ambo ya bahari. Kabla yangu aliishi peke yake.

Bibi, mama yake, alikuwa amefariki Bukavu. Kwetu msiba hauambiwi kwa simu. Mtu huja, huketi, ndipo husema. Mdogo wake wa mwisho, wa kike, aliye peke yake Copenhagen, alikuwa bado hajui. Shangazi akamwomba baba mdogo, aliyeko Brussels, aende. Akajibiwa, "Dada, huko ni mbali."

Hakuridhika. Akaenda kwa wakala wa tiketi, mama wa Kikenya.

"Brussels mpaka Copenhagen ni mbali?"

"Wapi! Kilomita kama mia nane. Kwa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu. Unasafiri lini?"

"Sisafiri." Akampigia baba mdogo simu palepale kaunta. "Wewe! Mimi kwenda kazini Malton nakaa kwenye basi kwa saa mbili kila siku. Nenda, kabla hajasoma msiba kwenye WhatsApp!"

Wakala akaacha kompyuta. "Pole sana, dada. Na wewe, nani alikuja kukuambia?"

Shangazi akafunga zipu ya koti, akaifungua, akaifunga tena.

"Simu," akasema.

Baba mdogo alikwenda. Yule mdogo wao wa Copenhagen alimwona mlangoni bila mzigo, akajua kuna msiba.

Hao ndugu watatu wako hai. Yupo pia yule wakala, ambaye Jumapili iliyofuata alipanda basi mpaka kwa shangazi, akaketi, ndipo akasema.