Chekeche la Bibi Nyangeta

Nakumbuka siku moja kule Nansio, mwanangu, siku ambayo chekeche lilinishinda mimi na stashahada yangu.

Usinione na nyumba yangu hapa Buzuruga ukadhani nilizaliwa na busara. Nilisoma ughaibuni kwa kuosha vyombo vya watu, bila mjomba wa kunishika mkono. Nikarudi na stashahada ya takwimu, na ndani ya kompyuta programu ambayo Ukerewe nzima hakuna aliyeijua. Kujisifu kidogo si dhambi, kama cha kujisifia kipo.

Kazi yake si ngumu kueleza. Unaiambia kila kikundi kimetumia watu wangapi na saa ngapi, na kimetoa kilo ngapi. Inatafuta wanaotoa kingi kwa kidogo, inapitisha mstari juu yao, kisha inawapima wengine wote wamebaki chini ya mstari kwa kiasi gani.

Nilipima vikundi sita vya akina mama waanika dagaa. Mnunuzi wa Mwanza alitaka kuacha kununua kwa kikundi cha mwisho, na cha mwisho kilikuwa cha Bibi Nyangeta na wenzake, wajane watupu. Nikasoma matokeo mkutanoni, kifua mbele.

"Shikamoo, bibi. Msikate tamaa, mtajifunza kwa wenzenu."

"Marahaba, mtaalamu. Kwa hiyo sisi wavivu?"

"Programu haisemi wavivu. Inasema mnapoteza."

"Na hao wa kwanza, hiyo programu imeshawahi kuonja dagaa wao?"

Watu wakacheka. Bibi akaomba gunia la walioongoza, akamimina dagaa kwenye chekeche, akatikisa. Mchanga ukamwagika hadi ukafunika vidole vyake vya miguu. Wale walianika chini, ufukweni. Kikundi cha bibi kilianika juu ya chanja za miti, kikachambua, kikachekecha. Ndiyo maana saa zao zilikuwa nyingi na kilo chache. Akatikisa dagaa wake: vikaanguka vichwa viwili vitatu, basi.

"Mjukuu wangu," akasema taratibu, "umetupima na mchanga."

Kuuliza si ujinga, lakini mimi sikuuliza. Nikamwomba mnunuzi siku mbili. Tukachekecha magunia yote, tukapima upya, na safari hii mstari ukapita juu ya Bibi Nyangeta. Waliokuwa kileleni wakashuka mkiani, wakanuna. Bibi hakuwacheka. Alikwenda mwenyewe kuwafundisha kujenga chanja, na mnunuzi akakubali kuwasubiri.

Programu ile ninayo mpaka leo, na bado najivunia. Haikukosea hesabu, nilikosea mimi niliyeilisha. Usione vyaelea, vimeundwa. Mwanangu, kabla hujamwambia mtu yuko nyuma, mkague kwanza uliyemweka mbele. Shika gunia lake, litikise. Ukishindwa, muulize anayeanika.

Nenda kazini kwako kapime watu, mwanangu. Mungu akupe jicho la kuona jasho lisilo na uzito, na akujalie bibi wa kukuchekecha mapema.