Mwenye Randa Alikuja Kuinoa

Usiniambie nilikuwa nimelewa. Nilikuwa nimekunywa chai tu, saa kumi jioni, katika karakana yangu hapa Othaya, na niliyoyaona niliyaona kwa macho haya.

Nilikuwa namalizia mimbari ya kanisa. Ya kwanza niliyowatengenezea ilirarua kanzu ya pasta, na akina mama wa kamati wakanionya: hii nayo ikikwaruza, kazi zote zinaenda kwa fundi wa Giakanja. Ndiyo maana nilinunua randa kuukuu kwa mjane mmoja, Mama Wangari. Chuma cha Sheffield, bwana! Randa mpya za dukani hung'aa, lakini makali yake hayafiki chai ya saa nne. Sasa mimi, kwa haraka zangu, nikakinoa kisu chake kwa grinda ya umeme. Ubao ukazidi kuchanika. Niliogopa, kusema kweli.

Mara nikaona mzee ndani, koti la kijani, mkono wa kushoto hauna kidole gumba. Hakunisalimu. Alichomoa kisu cha randa akakitazama.

"Hii rangi ya buluu ni ya nini?"

"Ni grinda, mzee."

"Umepika chuma. Wewe ni fundi ama ni mpishi? Leta jiwe na maji."

Ningefanyaje? Nikaleta. Alinoa mpaka buluu ikaisha, akajaribu makali kwa kunyoa nywele za mkono. Wangu, si wake! Kisha akaipiga randa mimbari nzima, ikawa laini kama sahani. Mvua ilikuwa inanyesha, lakini niamini, alipoondoka matope ya mlangoni hayakuwa na alama hata moja ya kiatu.

Kesho yake nikaenda kwa Mama Wangari. Nilipotaja kidole gumba, akaketi.

"Huyo ni mzee wangu. Tulimzika mwaka juzi."

Nikamshika mkono, nikidhani atalia.

"Ati amekuja kwako?" akafoka. "Na mlango yangu inakwama tangu akiwa hai, kila siku ananiambia kesho!"

Siku hizi pasta anahubiri bila kuraruka. Lakini kila Alhamisi Mama Wangari huja na kigoda chake, akakaa karakanani kumngojea mumewe, ana maneno ya kumwambia. Ule mlango nilishamrekebishia, tena bure. Bado anakuja, na amevaa kitambaa kizuri cha kichwa. Huwa nasikia huruma, kisha ananiuliza kwa nini nashika msumeno hivyo.

Basi wewe unayependa vifaa vya zamani, nunua, ni bora kuliko hivi vipya. Lakini weka grinda mbali. Mwenyewe akija kukukaripia, mkewe hayuko nyuma sana.