Jumanne Mbili za Antoine Mwelwa

Baba yangu ana ugonjwa wa tarehe. Wanaume wengine wakistaafu hufuga kuku au hugombana na majirani. Yeye, Antoine Mwelwa, aliyebadilisha njia za treni hapa Lubumbashi kwa miaka thelathini, ana rejista. Ni rejista kubwa ya kazini, yenye kurasa mia tatu sitini na sita, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka. Kilichotokea tarehe fulani, kiwe cha juzi au cha karne ya kumi na nane, kinakaa ukurasa huohuo, kama vile treni za Sakania na za Kolwezi zilivyopita juu ya chuma kilekile alichokishika yeye.

Kila asubuhi hapa mtaani Bel-Air, kabla hatujagusa chai, anatusomea. Mama yangu, Hortense, hukata mkate huku akimchokoza, akimwita kwa jina langu: "Baba Lydie, leo nani alikufa, tukule?"

Kuna kurasa mbili zenye heshima yake. Ule wa tarehe 17 Januari anausoma amesimama. Mwaka 1773, meli ya Waingereza inavuka mstari unaozunguka nchi ya barafu kule kusini kabisa, ambako hakuna aliyejulikana kufika. Mwaka 1995, ardhi inatikisika Kobe, Japani. Mwaka 2002, moto wa Nyiragongo unashuka hadi Goma. Na katikati yao, mwaka 1961, Lumumba na wenzake wawili wanateremshwa kwenye ndege hapa kwetu, uwanja wa Luano, na usiku huohuo wanauawa. Akimaliza kusoma, hatusemi neno mpaka mkate uishe.

Ukurasa wa pili ni wa tarehe 13 Juni. Mwaka 1983, chombo kilichotengenezwa na binadamu kinapita mizunguko ya sayari zote na kwenda zake gizani. Chini yake, kwa herufi nzuri kuliko zote rejistani: 1961, amezaliwa Antoine Mwelwa.

"Mi na kile chombo tuko ba siku moja," hujisifu.

Nimemcheka sana kwa mstari ule. Lakini nilijua kwamba hakuna gazeti lililowahi kumtaja baba yangu, na kwamba hapo ndipo alipojipatia nafasi kati ya wafalme na mabaharia.

Mwaka huu alikuwa anatimiza sitini na mitano. Nikaandaa sherehe, nikamwita shangazi Chola, dada yake mkubwa, kutoka Mokambo mpakani. Ana miaka sabini na minne, bado anavuka mpaka na biashara zake, na mdomo wake haujazeeka hata kidogo. Tarehe 13 Juni hakuwahi kuwa nasi. Aliingia uani tukiwa tumevaa makoti kwa baridi ya kiangazi, vumbi limejaa hadi kwenye majani ya maua. Akaitazama keki, kisha akamtazama mdogo wake.

"Sherehe ya nini?"

"Ya kuzaliwa kwangu, yaya," baba akamjibu dada yake.

"Leo? Nani alikudanganyaka?"

Baba akacheka, lakini mimi nilimwona akiivuta rejista karibu. Akaeleza. Karatasi zake zilipotea utotoni, na mama yao alimwachia neno moja tu, kwamba alizaliwa siku ya Mtakatifu Antoine. Karani mmoja akafungua kalenda, akakuta Antoine wa Padua, akaandika 13 Juni.

"Mi nilikuwa na miaka tisa, niko pale," shangazi akasema. "Ilikuwa mardi. Mardi tulikuwa na katekisimu, na siku ile sikuenda."

Baba akazihesabu Jumanne kwa vidole, uso ukamng'aa. "Juni 13 ya 1961 ilikuwa mardi! Sawasawa kabisa!"

"Na mvula? Mu Juni kunanyeshaka mvula? Antoine, potopoto ilifika apa." Akajigusa chini ya goti kuonyesha tope lilipofika. "Mama muzalishaji alichelewa. Alisema basoda na bunduki bamefunga barabara ya Luano, bamemurudisha. Akazunguka na miguu. Akafika, we tayari umetoka."

Nikamtazama baba. Vidole vilikuwa vimekwama hewani. Mtu wa kurasa mia tatu sitini na sita, na hakuwahi kuwauliza watakatifu wako wangapi wenye jina lake! Au aliwauliza akanyamaza, mimi sijui.

"Kuna Antoine mwingine," akasema polepole. "Ule wa jangwa, wa Misri. Siku yake ni Januari 17." Akahesabu tena. "Nayo ilikuwa mardi."

Maisha yangu yote tulikula mkate kimya tarehe ile kwa ajili ya watu wengine.

"Yaya," baba akauliza, "ndege uliiona?"

"Ile ndege? Tuliiona wote! Jua ilikuwa inaanza kushuka. Ilipita juu ya nyumba, chini sana, bati ikatetemeka. We ulikuwa ku mikono ya mama, unalia. Lakini hatukukusikia. Tuliona kinywa tu iko wazi. Hatukujua ndege inabeba nani. Nani angetuambia?"

Baba akasimama. Aliifungua rejista juu ya meza, kando ya keki, akachukua rula na kalamu nyekundu, akakata mstari wake wa Juni. Wino mwekundu ukatoka umepinda licha ya rula. Kisha akarudi Januari, akatafuta nafasi chini ya 1961. Ilikuwa ndogo sana. Akaandika kwa herufi ambazo nililazimika kuinama kuzisoma: Siku hiyohiyo, Antoine Mwelwa alilia.

Mama alikuwa ameshika kisu. Akanyanyuka kwenye kiti chake, nami nikanyanyuka, hata shangazi akajikongoja akainuka, na keki tukaikata tumesimama.