Wahusika Kumi na Wawili wa Mchapaji

Mchapaji alikuwa mtu mpole mpaka uwaguse wahusika wake. Mchana alikata kadi za mialiko katika duka la kupiga chapa. Vipande vilivyobaki alivibeba nyumbani, na kwa miaka minne akavigeuza watu. Ulikuwa mchezo wa mezani: kila mchezaji anachukua kadi, anakuwa yule aliyeandikwa, anasema na kuamua kama yeye, na kete zikimkatalia anakubali yaishe. Wahusika walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na kazi yake, hofu yake, na siri yake nyuma ya kadi.

Rafiki yake fundi umeme hakukubaliana naye hata chembe.

"Waache watu waunde wahusika wao, bwana. Wewe unawavalisha nguo ulizoshona bila kuwapima."

"Ukiwaacha, wote watakuwa mashujaa wenye mapanga," mchapaji alijibu. "Nani atajitungia siri inayouma?"

Swali zuri, ila yeye mwenyewe siri za kubuni zilimshinda. Zote zilinuka uongo. Basi ile ya kadi ya mpishi akaiokota nyumbani kwake. Mkewe alimsimulia mara moja tu, akilia: alipokuwa msichana mdogo, dada yake alikubaliwa chuo cha ualimu, naye akaichoma ile barua jikoni asije akaachwa peke yake na baba mgonjwa. Dada hakuwahi kujua. Mpaka leo anafua nguo za watu. Mchapaji akayaandika yote nyuma ya kadi, akaongezea la kwake kwamba dada alikata tamaa mwaka uleule, akajiambia nani atajua. Akili za wapi hizo!

Jumamosi ya kujaribu mchezo, mchezaji mmoja akaugua. Mke wa mchapaji, kwa nia njema kabisa, akamleta dada mtu kujaza nafasi. Mchapaji alikwenda kuazima kiti kwa jirani, na aliporudi fundi umeme alikuwa amekwishagawa kadi.

"Haya, shemeji, huyu mpishi wangu ana siri gani?" dada mtu aliuliza, kidole tayari kwenye ukingo wa kadi.

"Usigeuze!"

Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. Wote wakamtazama.

"Leo tunabadilisha," akasema, huku akizikusanya kadi harakaharaka. "Kila mtu aunde mhusika wake."

"Miaka minne nakuimbia, leo ndiyo unasikia?" Fundi umeme alicheka, akaanza kugawa karatasi tupu na penseli.

Mke wa mchapaji hakucheka. Alimjua mumewe: habadilishi hata soksi bila mjadala wa wiki nzima. Dada mtu alipoinama kuandika, mke akamnyooshea mumewe mkono chini ya meza.

"Nipe ile ya mpishi," alinong'ona.

"Haina kitu."

"Nipe."

Akampa. Angefanyaje? Akamwona akisoma nyuma ya kadi mpaka mwisho, kisha akirudia tangu mwanzo. Hakumtazama. Mchapaji aliona aibu, na alijua kwamba hatasimuliwa tena chochote na mwanamke yule.

"Mimi nimemaliza," dada mtu akasema, akiinua karatasi yake. Alisoma polepole, kwa haya kidogo. "Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Barua ya chuo ilikuja Jumanne. Mdogo wangu ndiye aliyeipokea, akanikimbilia nayo uani huku anapiga kelele kwa furaha." Akacheka. "Nimezidisha?"

Fundi umeme alitaka kupiga makofi, akaona nyuso za wenyeji wake, akaacha.

"Dada," mke wa mchapaji akasema. "Barua yako ilikuja kweli. Niliichoma mimi."

Akaiweka kadi mezani, upande wa nyuma juu.

Dada mtu aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alipofika mwisho hakumtazama mdogo wake. Alimgeukia mchapaji.

"Hapa umekosea, shemeji. Umeandika kwamba nilikata tamaa mwaka uleule." Akairudisha kadi mbele yake. "Nilikuwa naulizia posta mpaka nilipoolewa."